Tumbo la Mtoto Likivimba Upande wa Kulia: Uvimbe wa Ini Usio wa Saratani na Upasuaji Wake

Maandishi kamili ya mazungumzo yaliyoandaliwa kwa wahamasishaji wa afya ya jamii katika Kaunti za Migori na Homa Bay. Yanaweza kusomwa katika kliniki za watoto, barazani na kwenye mikutano ya vikundi vya akina mama.

 

Mada ya leo ni ugonjwa wa nadra. Mhamasishaji anaweza kuzungukia kaya zake mia moja kwa miaka mingi asikutane nao hata mara moja. Huenda basi mkauliza, mbona tuache malaria, nimonia na kuhara, tuzungumzie uvimbe wa ini wa watoto? Jibu ni kwamba siku utakapotokea, wa kwanza kuuona hatakuwa daktari bingwa wa Nairobi. Atakuwa mama anayemwogesha mtoto kwenye karai, kisha atakuwa yule anayebisha hodi mlangoni akiwa na begi la kazi na kitabu cha kaya. Watu hao wawili wakijua la kufanya, mtoto atafika kwa daktari mapema. Wasipojua, atafika akiwa amechelewa, na pengine akiwa na majeraha ya nyembe tumboni.

Chukueni mfano. Ni mfano tu, lakini kila aliyeketi hapa amewahi kukutana na mama anayefanana naye. Yuko Muhuru Bay, anaanika na kuuza omena. Mwanawe ana miezi kumi na minne. Tumbo limekuwa kubwa, na upande wa kulia chini ya mbavu kuna kitu kigumu anachokigusa akimpaka mtoto mafuta. Mhamasishaji anapofika, mama anamwambia: "Daktari, huyu hana homa. Anacheza, ananyonya, hata kilo zimeongezeka kliniki. Mama mkwe anasema ni bandama, twende kwa mzee mmoja anayechanja. Wewe unaonaje?"

Swali hilo ndilo mazungumzo haya yanajaribu kulijibu.

Ini ni kiungo gani?

Kwa Dholuo, ini ni chuny, na neno hilohilo hutumika kwa moyo na kwa roho ya mtu. Wazee waliotumia neno moja kwa vyote vitatu hawakukosea sana. Ini ndilo kiungo kikubwa kuliko vyote ndani ya mwili. Limekaa upande wa kulia, limejificha nyuma ya mbavu za chini. Husafisha damu inayotoka kwenye matumbo, hutengeneza nyongo ya kusaga mafuta, huhifadhi sukari ya kutumika usiku mtoto akiwa amelala, na hutengeneza protini zinazofanya damu igande mtu akijikata.

Katika mtoto mchanga mwenye afya, muuguzi anaweza kugusa ukingo wa ini sentimita moja au mbili chini ya mbavu, na hilo si ugonjwa. Kinachotia wasiwasi ni ini linaloshuka zaidi ya hapo, lenye donge, au linalozidi kukua mwezi baada ya mwezi.

Si kila tumbo kubwa ni uvimbe

Hapa kwetu kando ya ziwa, tumbo kubwa la mtoto lina sababu nyingi, na nyingi kati ya hizo si uvimbe wa ini. Malaria ya mara kwa mara hukuza bandama, ambayo iko upande wa kushoto. Ugonjwa wa selimundu, ulio mwingi katika ukanda huu, nao hukuza bandama kwa watoto wadogo. Kichocho cha tumbo, ambacho watoto wa Mbita, Rusinga, Mfangano, Karungu na Muhuru hukipata majini, hukuza ini na bandama pamoja. Utapiamlo huvimbisha tumbo na miguu. Minyoo nayo ipo.

Kuna pia jipu la ini, linaloletwa na amiba au bakteria. Hili huja na homa na maumivu makali, na tiba yake ni dawa, na wakati mwingine kufyonza usaha kwa sindano. Halihitaji kukata ini.

Halafu kuna saratani. Eneo letu linajulikana ulimwenguni kwa limfoma ya Burkitt, saratani ya watoto inayovimbisha taya au tumbo kwa kasi kubwa. Iliitwa kwa jina la Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyekuwa akifanya kazi Kampala na aliyeandika habari zake mwaka 1958. Saratani hii hutibiwa kwa dawa, na haina subira: uvimbe unaweza kuonekana kuongezeka ndani ya siku chache. Kuna saratani ya figo, ambayo nayo hujaza tumbo. Na kuna saratani ya ini lenyewe, ambayo kwa watoto wadogo mara nyingi ni ile iitwayo hepatoblastoma.

Kwa hivyo vidole vya mhamasishaji, hata vya muuguzi mzoefu, haviwezi kutofautisha haya yote. Wala vidole vya mzee wa kuchanja haviwezi. Kazi ya vidole ni moja tu: kusema hapa pana kitu, mtoto apigwe picha.

Uvimbe usio wa saratani ni nini?

Kati ya uvimbe unaoanzia kwenye ini la mtoto, takriban theluthi moja si saratani. Theluthi mbili zilizobaki ni saratani. Takwimu hizo zishikwe kwa mikono miwili. Mkono mmoja unasema: usikate tamaa, donge kwenye ini si hukumu ya kifo. Mkono wa pili unasema: usikae nyumbani ukijipa moyo, kwa kuwa uwezekano wa saratani ni mkubwa kiasi cha kutopuuzwa.

Uvimbe usio wa saratani ni chembe zilizokua kupita kiasi mahali pake, bila kusambaa mapafuni au kwenye mifupa. Lakini kutokuwa saratani hakumaanishi kutokuwa na madhara. Unaweza kubana tumbo mtoto asile, kusukuma mapafu asipumue vizuri, kuziba njia ya nyongo, kupasuka na kumwaga damu tumboni, au kuuchosha moyo. Aina zake kuu ni nne.

Ya kwanza, na iliyo ya kawaida zaidi kwa watoto wachanga, ni hemanjioma, yaani uvimbe wa mishipa ya damu. Huonekana zaidi katika miezi sita ya kwanza ya maisha. Mara nyingi mtoto huwa pia na alama nyekundu zilizoinuka kwenye ngozi. Hapa pana kazi ya wahamasishaji: mtoto mchanga mwenye alama kama hizo tano au zaidi apelekwe kupigwa picha ya ultrasaundi ya ini, hata kama tumbo lake halijavimba. Hemanjioma zikijaa ini lote, damu nyingi hupita humo na moyo hulemewa: mtoto hutoka jasho akinyonya, hupumua haraka, haongezi uzito. Uvimbe huo pia huharibu homoni ya tezi ya shingo, na mtoto asipopimwa na kupewa homoni hiyo, ubongo wake unaweza kudumaa.

Ya pili ni hamatoma ya mesenkima. Hii huonekana zaidi kabla ya miaka miwili. Ni donge kubwa lenye vifuko vya maji, linalokua polepole bila maumivu. Mtoto wa mfano wetu wa Muhuru Bay angeweza kuwa na hii.

Ya tatu ni haipaplasia ya vinundu, ambapo sehemu ya ini hukua ikizunguka kovu lililo katikati. Mara nyingi hugunduliwa kwa bahati, mtoto akipigwa picha kwa sababu nyingine. Huweza kutokea pia kwa watoto waliowahi kutibiwa saratani.

Ya nne ni adenoma. Hii ni nadra kwa watoto wadogo. Huonekana zaidi kwa vijana, na kwa watoto waliozaliwa na kasoro ya kuhifadhi sukari kwenye ini. Vidonge vya kupanga uzazi na dawa za kujenga misuli vinaweza kuichochea. Inaweza kutoka damu ghafla, na zingine hugeuka kuwa saratani.

Nani apasuliwe, nani asipasuliwe?

Wengi hudhani kwamba uvimbe ukionekana lazima ukatwe. Sivyo.

Hemanjioma nyingi hazikatwi. Ile iliyokuwapo tangu kuzaliwa, ikiwa moja tu, kwa kawaida husinyaa yenyewe katika mwaka wa kwanza na miezi michache inayofuata. Zile zilizotapakaa na zinazomsumbua mtoto hutibiwa kwa propranololi, dawa ya zamani ya moyo na presha. Mwaka 2008 madaktari wa Bordeaux, Ufaransa, waliandika jinsi walivyogundua kwa bahati kwamba dawa hiyo husinyaza hemanjioma, walipompa mtoto mmoja kwa ajili ya moyo wake. Tangu hapo watoto wengi wameepushwa na kisu. Lakini dawa hii isinunuliwe dukani kwa kukisia. Inaweza kushusha sukari na mapigo ya moyo ya mtoto. Hutolewa na daktari, kwa uzito wa mtoto, na hupewa mtoto aliyekula au aliyenyonya. Siku mtoto anatapika au hali, mama aisimamishe na amwone daktari.

Haipaplasia ya vinundu isiyo na dalili huachwa na kufuatiliwa kwa picha. Adenoma hukatwa hasa ikizidi sentimita 5, ikitoka damu, au ikiendelea kukua hata baada ya chanzo chake kuondolewa.

Hamatoma ya mesenkima ndiyo ambayo kwa kawaida hutakiwa kuondolewa yote. Kufyonza maji yake tu hakutoshi, kwani hujaa tena. Kukata nusu na kuacha nusu kunaweza kuurudisha uvimbe, na katika visa vichache mabaki yake yameonekana kugeuka saratani.

Sababu nyingine ya kupasua ni pale ambapo vipimo vyote vimefanywa na bado madaktari hawana hakika kama ni saratani au sivyo.

Vipimo kabla ya kisu

Kipimo cha kwanza ni ultrasaundi. Haichomi, haina mionzi, na mtoto anaweza kupimwa akiwa mapajani mwa mama. Huonyesha kama donge liko kwenye ini, figo au bandama, na kama lina maji au nyama. Baada yake, hospitali kubwa hufanya skani ya CT au MRI ili kujua donge limekaa karibu na mishipa ipi.

Damu hupimwa pia. Kimojawapo cha vipimo hivyo ni cha alfa-fetoprotini, ambayo hupanda sana katika hepatoblastoma. Hapa wazazi hupata hofu ya bure mara kwa mara. Kila mtoto mchanga huzaliwa na kiwango cha juu cha protini hiyo, na hushuka taratibu hadi kukaribia mwaka mmoja. Kiwango kinachotisha kwa mtu mzima kinaweza kuwa cha kawaida kwa mtoto wa miezi miwili. Kwa hiyo jibu la maabara lisomwe na daktari anayejua umri wa mtoto, wala si na jirani mwenye simu.

Wakati mwingine kipande kidogo cha uvimbe huchukuliwa kwa sindano. Hilo lifanywe tu na wataalamu walio tayari kuzuia damu, kwa sababu hemanjioma ikidungwa ovyo humwaga damu nyingi. Na ikiwa sindano ya hospitali inahitaji tahadhari kiasi hicho, fikirieni wembe wa kuchanja tumbo. Wembe haufiki kwenye ini, lakini huleta vidonda, pepopunda na upungufu wa damu, na kila wiki ya kusubiri chanjo hizo zikauke ni wiki iliyopotea.

Upasuaji wenyewe hufanywaje?

Ini lina damu nyingi kuliko viungo vingi vya mwili. Karibu robo ya damu inayosukumwa na moyo hupita ndani yake. Mtoto naye ana damu kidogo: takriban mililita 80 kwa kila kilo ya uzito. Mtoto wa kilo 10 ana mililita 800 mwili mzima, haijai hata chupa ya soda ya lita moja. Damu ya kujaza kikombe kimoja cha chai ikimwagika, robo ya damu yake imekwenda. Hiyo ndiyo sababu upasuaji huu haufanywi kila hospitali yenye chumba cha upasuaji. Unahitaji daktari bingwa wa upasuaji wa watoto, daktari wa dawa ya usingizi aliyezoea watoto, damu iliyolinganishwa na ya mtoto ikiwa tayari kwenye jokofu, na kitanda katika chumba cha wagonjwa mahututi.

Mtoto hulazwa kwa dawa ya usingizi, hasikii wala hakumbuki. Daktari hukata chini ya mbavu na kulifikia ini. Kwa desturi iliyoelezwa na James Hogarth Pringle wa Glasgow mwaka 1908, anaweza kuibana kwa dakika chache mishipa inayoingiza damu kwenye ini, ili akate bila damu kufurika, kisha aiachie. Anafuata ramani ya ndani ya ini: mwaka 1957 Mfaransa Claude Couinaud alieleza kuwa ini lina sehemu nane, kila moja ikiwa na mishipa yake. Kwa hiyo sehemu yenye uvimbe inaweza kutolewa na nyingine zikabaki zikifanya kazi. Kila mshipa wa damu na kila kijia cha nyongo hufungwa kimoja kimoja. Mara nyingi huachwa mrija mdogo wa kutoa majimaji, unaoondolewa baada ya siku kadhaa.

Wazazi huuliza: "Mkilikata ini, mtoto ataishi na nini?" Ini lina sifa ambayo viungo vingine havina. Huota tena. Ini lenye afya likikatwa zaidi ya nusu, lililobaki hukua katika wiki na miezi inayofuata hadi kukaribia ukubwa wake wa awali. Mtoto hatabaki mlemavu wa ini.

Hatari zipo, na mzazi ana haki ya kuambiwa kabla ya kutia sahihi fomu ya ridhaa. Kubwa ni kutokwa damu. Nyingine ni nyongo kuvuja, kidonda kuingia wadudu, na homa ya mapafu. Mzazi aulize maswali manne: Uvimbe huu ni wa aina gani? Kuna njia nyingine isiyo ya kisu? Tukingoja itakuwaje? Ni nani atakayempasua, na amewahi kufanya upasuaji wa namna hii? Daktari mwema hakasirikii maswali hayo.

Baada ya upasuaji, kipande kilichotolewa hupelekwa maabara kikachunguzwe kwa hadubini. Jibu hilo ndilo la mwisho. Mzazi asiondoke na kusahau kulifuatilia, kwa maana ndilo litakalosema kama safari imekwisha au kuna matibabu mengine.

Safari kutoka kijijini

Tangu ugatuzi wa mwaka 2013, zahanati, vituo vya afya na hospitali za kaunti ziko chini ya serikali za kaunti, nazo hospitali kuu za rufaa za kitaifa zimebaki kwa serikali kuu. Ndiyo sababu safari ya mtoto huyu ina ngazi.

Ngazi ya kwanza ni nyumbani. Mhamasishaji akiona au kuambiwa habari ya donge tumboni, aandike rufaa siku hiyohiyo. Asimpe mtoto dawa ya minyoo na kusema "tuone mwezi ujao". Asiliminyeminye donge wala kuruhusu majirani waligusegeuse.

Ngazi ya pili ni zahanati au kituo cha afya, ambako mtoto hupimwa uzito, joto, malaria na kiwango cha damu. Hapa pana mtego. Katika kijitabu cha mama na mtoto, mstari wa uzito unaweza kuwa unapanda vizuri, kumbe kinachoongezeka ni uvimbe. Muuguzi atazame mikono, mapaja na makalio. Mtoto mwenye tumbo linalokua na mikono inayokonda haongezi afya, hata kama mizani inasema ameongezeka.

Ngazi ya tatu ni hospitali ya rufaa ya kaunti, iwe ya Migori au ya Homa Bay. Hapa mtoto hupigwa picha na kuonwa na daktari wa watoto, na aliyepungukiwa damu au mwenye homa hutibiwa kabla ya kuendelea.

Ngazi ya nne ni hospitali kubwa ya mafunzo na rufaa. Kwa watu wa Migori na Homa Bay, iliyo karibu ni ya Jaramogi Oginga Odinga pale Kisumu, ambayo wazee bado huiita Russia. Mbele yake kuna Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, Eldoret, na Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, Nairobi. Daktari wa kaunti ndiye atakayepiga simu na kujua ni wapi mtoto atapokelewa. Mzazi asipande matatu usiku kwa uvumi kwamba mahali fulani kuna daktari.

Barua ya rufaa iwe kamili: umri na uzito wa mtoto, donge lilionekana lini, picha ya ultrasaundi na majibu yake, kiwango na kundi la damu, chanjo alizopata, na dawa alizopewa, zikiwemo za kienyeji. Mama asione haya kutaja dawa za kienyeji. Anayetoa dawa ya usingizi anahitaji kujua.

Gharama, damu na uji wa kisiri

Mambo matatu hukwamisha safari hii.

La kwanza ni fedha. Tangu Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii, yaani SHA, ilichukua nafasi ya NHIF. Kujiandikisha ni kwa *147# au kwa usaidizi wa mhamasishaji, na mtoto lazima aongezwe kama mtegemezi wa mzazi. Huduma za msingi katika zahanati na vituo vya afya hugharamiwa na mfuko wa afya ya msingi, lakini kulazwa na kupasuliwa katika hospitali kubwa hutegemea mchango uliolipwa. Wenye mshahara hukatwa asilimia 2.75, wasio na mshahara hukadiriwa kulingana na mapato ya kaya, na kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi. Familia isingoje mtoto alazwe ndipo ianze kutafuta cheti cha kuzaliwa. Yule aliyejifungulia nyumbani na hana cheti, asaidiwe na mhamasishaji na chifu leo, mtoto akiwa mzima.

La pili ni damu. Damu haitengenezwi kiwandani. Wachangiaji wengi nchini ni wanafunzi wa sekondari na vyuo, na shule zikifungwa akiba hupungua. Mtu mwenye afya, wa kati ya miaka 16 na 65, mwenye kilo 50 au zaidi, anaweza kuchangia: mwanamume kila baada ya miezi mitatu, mwanamke kila baada ya miezi minne. Mjomba anayelalamika kwamba hana pesa za kuchangia harambee ana mchango mwingine mkononi mwake.

La tatu ni huruma. Kabla ya upasuaji mtoto hufungishwa: saa sita bila chakula wala uji, saa nne bila maziwa ya mama, saa mbili bila maji. Mtoto hulia. Nyanya aliyekuja kumsaidia mama humwonea huruma akampa uji nyuma ya pazia. Uji huo, mtoto akiwa amelala kwa dawa, unaweza kurudi kooni na kuingia mapafuni. Afadhali alie saa mbili kuliko kuzama kwa uji. Aliyekosea akampa chochote, aseme. Upasuaji utaahirishwa, na hakuna atakayemgombeza.

Hakuna wa kulaumiwa

Uvimbe huu hauletwi na chira, jicho baya, wala mama kupita mahali pasipofaa akiwa mjamzito. Hauambukizi. Mtoto anaweza kula na wenzake na kulala nao kitanda kimoja. Aina hizi nyingi hazina kinga inayojulikana, na mama asibebeshwe lawama.

Kinachoweza kukingwa ni jirani yake, saratani ya ini ya ukubwani inayoletwa na homa ya ini aina ya B. Chanjo yake imo katika sindano ya wiki ya 6, ya 10 na ya 14 ambayo Kenya imekuwa ikitoa tangu 2001. Mahindi na njugu zilizoota ukungu nazo zitupwe. Wasipewe watoto, wala zisisagwe kuwa uji.

Jibu kwa mama wa Muhuru Bay

Turudi kwa yule mama. Ameuliza: "Wewe unaonaje?" Mama mkwe ameketi kando, anasikiliza, na neno lake lina uzito katika boma hilo. Mhamasishaji akimkemea mbele ya mkaza mwanawe, ameshindwa kabla ya kuanza.

Basi na aseme hivi: "Mama, umeona vyema kwamba kuna kitu. Wengine wangesema mtoto amenona. Kama ni bandama, picha itaonyesha ni bandama, na dawa yake ipo. Kama ni ini, kuna uvimbe unaosinyaa wenyewe, kuna wa dawa na kuna wa kupasuliwa. Hatuwezi kujua kwa mkono. Nimeandika barua. Kesho asubuhi tuondoke na gari la kwanza, nawe uje, ili daktari akieleza usikie mwenyewe."

Hiyo sentensi ya mwisho, "nawe uje", imeokoa rufaa nyingi. Anayeamua nyumbani akiwa amesikia kwa masikio yake, mtoto hatoroshwi wodini.

Waliosema mficha maradhi kilio humfichua hawakuwa wakitisha watu. Donge lililoonyeshwa likiwa dogo huondolewa na mtoto mwenye nguvu, damu kidogo ikimwagika. Lililofichwa hadi tumbo lijae humkuta mtoto amekonda, amepungukiwa damu, na kisu kilekile sasa kina hatari maradufu. Ugonjwa ni uleule. Tofauti ni wiki zilizopita katikati.

Kwa hiyo kuanzia kesho, mnapopita katika kaya zenu, ongezeni swali moja kwa kila mama mwenye mtoto wa chini ya miaka mitano: "Ukimwogesha, umewahi kugusa kitu kigumu tumboni?" Halichukui hata nusu dakika. Mama mia moja watasema hapana. Siku atakayesema ndiyo atakapopatikana, mhamasishaji awe na kalamu na fomu ya rufaa mkononi.